Ua wa Umeme Haumzuii Heroe

Kila Januari, ufuo wa Ziwa Nakuru hugawanywa vipande kama shamba la urithi. Kila kikundi hupewa kipande chake, darubini na daftari, na agizo moja: kundi dogo lihesabiwe ndege mmoja mmoja, kundi kubwa likadiriwe kwa mafungu ya kumi, ya mia, hata ya elfu. Ndani ya siku chache za zoezi hilo wenzao huwa Elementaita, Naivasha na Bogoria, ili ndege aliyehesabiwa huku asije akahesabiwa tena kule kana kwamba ni mwingine. Sensa hii imefanywa katika maziwa ya Bonde la Ufa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, ikiongozwa na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na watu wa kujitolea. Nayo ni kipande cha sensa ya dunia ya ndege wa majini iliyoanza mwaka 1967.

Tukishakunja darubini, swali huwa ni moja, aulize mwanahabari, mwenye hoteli au dereva wa watalii: "Flamingo wamerudi?" Ni swali la haki. Mji huu ulipata jina duniani kwa sababu ya ndege huyo, heroe katika kamusi, flamingo katika stendi ya Nakuru. Lakini ndani ya swali hilo kuna maswali mawili ambayo tumezoea kuyachanganya, na kuyachanganya kunatugharimu. La kwanza: ndege yuko wapi? La pili: kizazi chake kinaongezeka au kinapungua? Ndege wa kuhama anaweza kutoweka Nakuru na asiwe amepungua hata mmoja. Vilevile anaweza kujaa Nakuru huku kizazi chake kinakatika.

Sisi tumejibu swali la kwanza kwa zaidi ya miaka sitini. Ziwa hili lilitengwa kuwa makao ya ndege mwaka 1961, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1990 likawa eneo la kwanza la Kenya kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Katika miaka ya 1980 hifadhi ilizungushiwa ua wa umeme kwa ajili ya faru. Ua ule umefanya kazi yake, faru wapo. Tatizo ni kwamba fikra ya ua ilituingia, tukaamini kila kiumbe hulindwa hivyo hivyo: chora mpaka, weka lango, ajiri askari. Heroe hajui mpaka huo. Husafiri usiku, na alfajiri yuko ziwa jingine.

Ili kuona kwa nini anahama, tuanze na chakula chake. Heroe mdogo, spishi iliyo nyingi zaidi kwetu, hula hasa kiumbe kimoja kidogo cha rangi ya kijani na buluu, Arthrospira, ambacho maduka ya vyakula vya afya hukiuza kwa jina la spirulina. Huinamisha kichwa mpaka mdomo unakuwa juu chini, ulimi unasukuma maji kama pampu, na vichujio vyembamba vilivyopangwa ndani ya mdomo vinakinasa chakula na kuyaachia maji. Mtafiti Ekkehard Vareschi, aliyefanya kazi Nakuru miaka ya 1970, alionyesha jinsi walaji hawa walivyo wakubwa. Ndege mmoja huhitaji kama gramu 60 au 70 za chakula kikavu kwa siku. Ndege milioni moja, basi, humaliza tani 60 na zaidi kila siku inayopita.

Karamu kubwa namna hiyo huandaliwa na maji ya magadi peke yake. Ziwa likikauka na chumvi ikazidi mno, spirulina hufa. Maji matamu yakijaa na magadi yakapungua nguvu, viumbe vingine hupata nafasi na kuishinda. Meza ya heroe imewekwa kati ya ukame na mafuriko, na kila upande una shimo. Ndiyo maana hakuwahi kuwa mwenyeji wa kudumu wa ziwa lolote. Nakuru ilipokauka katikati ya miaka ya 1990, alikwenda kwingine, na ziwa lilipopona alirudi. Kuhama ndiyo bima yake.

Jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Tangu mwaka 2010 vumbi hilo limezama. Ziwa lililokuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 40 lilitanuka hadi karibu 70 kufikia mwaka 2020. Lango kuu la hifadhi na ofisi zake vilifunikwa na maji, na migunga ya ufuoni ikafa ikiwa imesimama. Nje ya ua, maji yaliingia nyumba za watu Mwariki, na huko Naivasha yakaingia Kihoto. Ripoti ya Serikali ya Kenya na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021 ilitaja ongezeko la mvua linalotokana na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kubwa, na ikaonya juu ya udongo unaomomonyoka kutoka vilimani na kujaza sakafu za maziwa.

Heroe wengi walikwenda Bogoria, na hapo tungeweza kujifariji kwamba bima inafanya kazi. Lakini bima hulipa pale nyumba moja inapoungua. Kijiji kizima kikiungua usiku mmoja, mfuko hubaki mtupu. Utafiti ulioongozwa na Aidan Byrne wa King's College London, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Current Biology, ulitazama kwa picha za setilaiti maziwa 22 ya magadi ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miongo miwili. Ziwa Nakuru lilikuwa limetanuka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, na kipimo cha chakula cha heroe majini kikashuka kwa nusu. Jambo zito zaidi ni kwamba Nakuru haikuwa peke yake. Maziwa mengi ambayo heroe huyategemea yanajaa na kuchujuka kwa pamoja, kwa sababu mvua inayoyajaza ni moja. Ndege aliyezoea kukimbilia kwa jirani anakuta jirani naye hana kitu mezani.

Hapo ndipo swali la pili linapodai jibu, na jibu lake haliko Nakuru. Liko Natron, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania. Afrika Mashariki ina heroe wadogo wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni 1.5 na 2.5, sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani, na karibu wote huzaliana katika ziwa hilo moja. Hujenga vichuguu vidogo vya matope juu ya tambarare za magadi zinazochoma, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kukanyaga. Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyeupenda utafiti wa ndege, ndiye aliyethibitisha jambo hilo katika miaka ya 1950. Alijaribu kuvuka matope yale kwa miguu, akaungua vibaya kiasi cha kulazwa hospitali kwa majuma.

Mwaka 1962 Natron ilifurika na heroe wakataga Ziwa Magadi, upande wa Kenya. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu, wakashindwa kutembea. Watu waliingia ziwani kuzivunja pingu hizo kwa mikono, kifaranga kimoja baada ya kingine, wakaokoa maelfu. Ni moja ya juhudi kubwa za huruma zilizowahi kufanyika katika bonde hili, na inatufundisha jambo la hesabu. Heroe hutaga yai moja tu kila anapotaga. Huishi miongo mingi. Natron ikiharibika leo, wazee watazidi kuonekana Nakuru na Bogoria kwa miaka, watalii watapiga picha, nasi tutaandika namba nzuri daftarini, ilhali hakuna kijana anayeingia kwenye kundi. Ndege wa namna hii hupungua kimya kimya. Siku utakapoliona pengo kwa macho, ujue lilianza zamani.

Kwa sababu hiyo mradi wa kiwanda cha magadi uliopendekezwa Natron kati ya 2006 na 2008 haukuwa habari ya Tanzania pekee. Ulipingwa na wahifadhi wa nchi nyingi, na kampuni ya Tata Chemicals ikajiondoa. Utoto wa flamingo wa Nakuru ulikuwa mashakani katika ofisi ambazo Nakuru haikuwa na kiti.

Lakini Nakuru ina mkono wake katika jambo hili, na wachache wanauona. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huanzia katika safu ya milima ya Mau na kumwagika katika Ziwa Nakuru. Kutoka Mau hiyo hiyo, upande wa Narok, hutelemka Ewaso Ng'iro ya Kusini, inayopita Bonde la Ufa na kuishia Natron. Safu moja, basi, inanywesha meza ya heroe na kitanda chake. Mwaka 2001 Serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 katika Mau ya Mashariki zisiwe msitu tena. Msitu hunywa mvua polepole na kuiachia polepole. Shamba tupu huimwaga siku ile ile, pamoja na udongo. Mvua yenyewe hatuwezi kuizuia. Lakini namna inavyofika ziwani, na inachobeba, vinaamuliwa mlimani na watu wenye majina na majembe.

Heroe ndiye maarufu, lakini si yeye peke yake anayetegemea maziwa haya. Kitwitwi mdogo anayezaliwa katika tundra ya Siberia ana uzito wa kama gramu 25, naye huja kupitisha baridi ya kwao kwenye fuo zetu. Hahitaji mwani wala samaki. Anahitaji tope lililo wazi, lenye maji ya kumfika mguuni, ambamo atachokoa wadudu mpaka ashibe na kuweka mafuta ya safari ya kurudi. Maji yanapopanda hadi kwenye vichaka, tope hilo hutoweka. Ufuo mrefu zaidi kwenye ramani unaweza kuwa hauna hata ukanda wa kumlisha kitwitwi mmoja.

Wakati huo huo wengine wanafaidi. Samaki wa maji matamu wameongezeka Nakuru, na mnandi hujenga viota juu ya migunga iliyokufa. Furukombe naye ana windo. Mwari nao wana historia ya ajabu hapa. Kuanzia mwaka 1953 samaki wadogo wa Magadi waliletwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu, na mwari wakaja kuwafuata. Huvua Nakuru na Naivasha, lakini viota vyao viko kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita. Maji yakishuka, visiwa huungana na nchi kavu na fisi akapita. Yakipanda mno, mawe huzama. Anayetazama mwari peke yake atasema ziwa limeneemeka, na anayetazama heroe atasema limekufa. Wote wawili wanatazama kona moja ya chumba. Ndiyo maana UNESCO ilipoandikisha urithi wa dunia mwaka 2011 iliyaandika maziwa matatu pamoja, Bogoria, Nakuru na Elementaita, kwa jina moja.

Kisha kuna wale wanaopita juu ya vichwa vyetu. Bonde la Ufa ni barabara kuu ya ndege wakubwa wanaoelea juu ya hewa moto inayopanda: korongo weupe kutoka Ulaya, tai wa nyika kutoka Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Mwaka 2022 Darcy Ogada na wenzake walichapisha ulinganisho wa miaka 40 wa ndege wawindaji wa Kenya, wakakuta spishi 19 kati ya 22 walizozipima zimepungua, na ndani ya hifadhi hali ikiwa afadhali kuliko nje. Sababu ni nyingi: sumu inayowekwa kwenye mizoga, nyika kugeuka mashamba, na nyaya za umeme.

Hili la nyaya ni letu moja kwa moja. Nguzo ya mbao haipitishi umeme kirahisi. Nguzo ya zege ina vyuma ndani, na tai akitua juu yake na bawa likagusa waya, mwili wake hugeuka njia ya umeme kwenda ardhini. Soysambu, kando ya Elementaita, kituo cha Kenya Bird of Prey Trust hutibu ndege wawindaji walioumia. Bonde letu linazalisha umeme wa mvuke wa ardhini huko Olkaria na Menengai, nami ninauunga mkono kwa moyo wote, maana ni umeme safi na tabianchi ndiyo inayoyafurisha maziwa haya. Umeme huo unaweza kusafirishwa bila kuua. Waya hufunikwa karibu na nguzo, nafasi kati ya nyaya hupanuliwa, na njia kuu huwekwa mbali na mapito ya ndege kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa. Kurekebisha baadaye ni gharama maradufu.

Nimewahi kuulizwa katika mkutano wa wakulima huko Njoro: "Mwalimu, hawa ndege wa Wazungu wanauawa huko kwao. Sisi tuwatunze kwa nini?" Mzee aliyeuliza hakukosea kuhusu mauaji. Mwaka 2015 BirdLife ilikadiria kwamba ndege milioni 25 huuawa kinyume cha sheria kila mwaka katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania. Nilimjibu kwanza kwa kumbikumbi. Mvua za vuli zinapowatoa kumbikumbi ardhini, tai wa nyika na kozi wako hapo. Korongo na mbayuwayu hula viwavi, panzi na wadudu wengine wanaokula ngano yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni huyu halipwi hata senti.

Kisha nilimsimulia habari ya kozi wa Amur, kipanga mdogo anayezaliwa Siberia na kaskazini mwa China, akapumzika India, akavuka bahari hadi kwetu na kuendelea kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 iligunduliwa kwamba wanavijiji wa Nagaland, India, walikuwa wakiwanasa makumi ya maelfu kwa nyavu za samaki. Mwaka 2013 hawakunasa hata mmoja. Wazee, makanisa na serikali walikaa pamoja, wavuvi wakaelezwa ndege anakotoka na anakokwenda, na vijiji vikageuka walinzi. Kozi wachache walifungwa vifaa vya setilaiti, mmoja akapewa jina la kijiji cha Pangti, na dunia ikawafuata hadi Afrika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini kidole cha Nagaland kilipojitokeza, kozi wengi zaidi waliweza kufika angani mwa Kenya.

Basi kidole chetu kifanye nini? Sheria tunazo: Ramsar, Mkataba wa Spishi Zinazohama, na Mkataba wa Ndege wa Majini Wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia. Kenya na Tanzania zimeikubali yote. Yaliyobaki ni kazi.

Kwanza, milima ilipiwe. Naivasha ilionyesha njia pale mashirika ya WWF na CARE yalipoanzisha mpango wa kuwapa wakulima wa Wanjohi na Turasha vocha za pembejeo kwa kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko, na watumiaji wa maji walioko chini, wakiwemo wenye mashamba ya maua, wakachangia. Njoro na Nderit zinastahili mpango wa ukubwa huo. Jiji lenye watu zaidi ya laki tano na nusu, na hifadhi inayokusanya ada kila siku, vinaweza kuwalipa walioko juu. Na anayefaidi si heroe peke yake. Udongo unaobaki Njoro hauji kupandisha maji Mwariki.

Pili, maji machafu ya jiji yasafishwe kabla hayajafika ziwani, kwa kipimo kinachotangazwa hadharani. Vifo vya heroe kwa maelfu katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Nakuru na Bogoria, vilichunguzwa, na watafiti walikuta sumu za mwani, kifua kikuu cha ndege na madini mazito. Ndege mwenye njaa hufa kwa sumu ambayo ndege aliyeshiba angeivumilia.

Tatu, Kenya na Tanzania ziyatunze maziwa ya heroe kwa mpango mmoja, na kaunti za Nakuru na Narok ziwe mezani, kwa kuwa zinashika vyanzo vya mito inayolisha Nakuru na Natron. Nne, sensa ipewe bajeti ya kudumu. Leo inaegemea mno moyo wa watu wa kujitolea, na moyo si mfumo. Kukosa mwaka mmoja wa hesabu ni kung'oa ukurasa katikati ya kitabu cha matibabu cha mgonjwa.

Kitwitwi wa gramu 25 ataondoka Aprili kwenda kutaga Siberia. Agosti wa kwanza wao watakuwa wanarudi, na watatua kwenye tope lolote tutakalokuwa tumewaachia. Januari tutagawana tena ufuo na kuwahesabu. Utakapokutana nasi langoni, ndugu msomaji, uliza kama kawaida flamingo wako wapi, maana ni ndege wako. Lakini usituache tuondoke kabla hujauliza mengine mawili: Natron mwaka huu wameangua wangapi, na maji ya Mto Njoro yalipofurika yalikuwa na rangi gani?